Fairport Convention walipopunguza fidla

Mpiga ngoma ya dumbak wa kikundi chetu akisikia bendi yoyote kongwe ya Uingereza imetoa albamu, husema neno moja tu: "Wamechuja." Mara nyingi simbishii. Kwa Fairport Convention namkalisha kitako, maana hawa walichuja kweli, wakavunja bendi, kisha mwaka 1985 wakarudi na albamu ya Gladys' Leap. Mimi ni mpiga fidla, na kinachonivutia humo ni kwamba dawa yao ilikuwa kuipunguza fidla.

Walianza London ya kaskazini mwaka 1967, vijana waliopenda nyimbo za Kimarekani. Mei 1969, wakirudi kutoka kwenye onyesho, gari lao lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1. Mpiga drams Martin Lamble alifariki akiwa na miaka 19, pamoja na Jeannie Franklyn, mpenzi wa mpiga gitaa Richard Thompson. Waliobaki wakahamia kwenye nyumba moja mashambani Hampshire, wakamchukua Dave Swarbrick na fidla yake, na Desemba mwaka huohuo ikatoka albamu ya Liege & Lief: hadithi za kale za mauaji, wivu na viumbe wa ajabu, zikiimbwa na Sandy Denny juu ya magitaa ya umeme.

Drams alipewa Dave Mattacks, kijana aliyetokea bendi za kumbi za dansi. Hapo ndipo penye utamu. Jigi, muziki wa dansi wa kule, ina mapigo sita yanayokwenda matatu-matatu. Aliyecheza chakacha anayajua kwa kiuno kabla ya kuyahesabu. Mpiga drams wa roki akikutana na mahadhi ya namna hiyo, hutaka kuyajaza yote sita. Mattacks anapiga machache, tena anayachelewesha kidogo, kama mtu anayekaa mwishoni mwa benchi ili wengine wapate nafasi. Fidla inakimbia juu yake na husikii msongamano.

Kabla hata albamu hiyo ya 1969 haijatoka, Denny na mpiga besi Ashley Hutchings walishaondoka, na mwaka 1971 Thompson naye akatoka. Swarbrick akawa ndiye mhimili, anaimba, anapiga, anaongoza. Alikuwa fundi haswa. Lakini ukisikiliza albamu za mwisho za kipindi hicho, kila uwazi umezibwa na fidla. Ugonjwa huo naujua. Ukiwa na upinde mkononi, kimya kinawasha. Mwimbaji akivuta pumzi tu, umeshaingia. Mwalimu wangu alikuwa akinigonga goti kwa kidole, maana yake "ngoja". Mpaka leo goti linakumbuka.

Mwisho wake, kampuni yao ya santuri ikaona heri iwalipe wasirekodi albamu zilizobaki kwenye mkataba. Masikio ya Swarbrick nayo yalikuwa yameumia kwa miaka ya kusimama katikati ya kelele za jukwaani. Tarehe 4 Agosti 1979 wakaagana na wapenzi wao katika kijiji cha Cropredy, Oxfordshire. Dave Pegg, mpiga besi, akaenda bendi ya Jethro Tull. Wengine wakatafuta kazi kwingine. Ila kila kiangazi walirudi Cropredy kupiga pamoja, bila kampuni nyuma yao, na watu wakazidi kuja.

Kwa hiyo 1985 hawakurudi kwa kuitwa na tajiri. Pegg alikuwa na studio yake kijijini na lebo yake, Woodworm. Wakaingia watatu: yeye, Mattacks na Simon Nicol. Swarbrick alikuwa na kundi lake jipya, Whippersnapper, lililopiga bila umeme. Nicol, aliyekuwa amezoea kupiga gitaa pembeni, akalazimika kushika uimbaji. Sauti yake haina madoido, ni ya mtu anayekusimulia jambo jikoni, na hilo ndilo lililokuwa likikosekana.

Anzia na "The Hiring Fair", iliyotungwa na Mattacks pamoja na Ralph McTell. Zamani katika vijiji vya Uingereza vibarua walisimama gulioni kungoja waajiri, kila mmoja na alama ya kazi yake. Mchunga kondoo, kwa mfano, alijibandika kishungi cha sufu. Wimbo unamfuata kijana mmoja kwenye gulio hilo na msichana anayemkuta huko. Mahadhi yanakwenda taratibu. Kuna nafasi kati ya mistari, na hakuna anayeikimbilia.

Fidla ipo kwenye albamu, maana Ric Sanders alialikwa kwa nyimbo chache, na kwa kuwa ni mgeni anabisha hodi kabla ya kuingia. Baadaye alijiunga kabisa. Thompson naye alipita kupiga gitaa. Si kila kitu kizuri: mlio wa drams unanuka miaka ya themanini, na kuna nyimbo mbili ninazoziruka.

Nilimpigia mpiga dumbak wimbo ule wa gulio, mazoezi yalipokwisha na tunakunja vyombo. Alikaa na ngoma yake mapajani hadi ukaisha. Akauliza kama yule wa drams bado yuko hai, kisha akaniambia niurudishe mwanzo.