Kingamwili ya OC125: inachokitambua na isichokitambua

OC125 ni kingamwili (protini ya kinga inayoshika kitu mahususi) iliyotengenezwa maabara, nayo hushika CA-125, protini kubwa iliyosheheni sukari ambayo seli nyingi za saratani ya ovari huimwaga kwenye damu. Robert Bast na wenzake waliielezea mwaka 1981 huko Marekani. Walichoma panya seli za saratani ya ovari ya binadamu, kisha wakaunganisha seli za wengu wa panya hao, zile zinazozalisha kingamwili, na seli za saratani zisizochoka kugawanyika. Mbinu yenyewe ilikuwa ya wanasayansi Köhler na Milstein, ya mwaka 1975. Uzuri wake ni kwamba ukoo mmoja wa seli hutoa kingamwili za aina moja tu, zote zikilenga sehemu ileile ya protini.

Katika kipimo cha damu hutumika kingamwili mbili. Ya kwanza, mara nyingi M11, imegandishwa kwenye kishimo cha kisahani. Majimaji ya damu yakimiminwa humo, CA-125 hunaswa, na mengine yote husuuzwa. Kisha huongezwa OC125 iliyobeba kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali. Iliyoshika ile protini hubaki, isiyoshika husuuzwa; kisha hutiwa kemikali ambayo kimeng'enya huigeuza kuwa rangi, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Usuuzaji ukifanywa ovyo, rangi itaonekana hata pasipo na kitu. Mashine za siku hizi nyingi husoma mwanga badala ya rangi.

Kikomo kinachotumika sana ni yuniti 35 kwa mililita, zaidi ya hapo huhesabiwa kuwa juu, na hapa ndipo wengi hubabaika. Kingamwili hii haijui saratani, inajua protini. CA-125 hutolewa pia na utando wa tumbo na wa mji wa mimba, kwa hiyo hupanda wakati wa hedhi, mwanzoni mwa ujauzito, kwa mwenye endometriosisi (tishu kama za utando wa mji wa mimba kuota nje yake), ugonjwa wa ini au kifua kikuu cha tumbo. Kwa upande mwingine, takriban nusu ya saratani za ovari zilizo katika hatua ya kwanza haziipandishi kabisa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, namba moja pekee haina uzito mkubwa. Kipimo hufaa zaidi kumfuatilia mgonjwa anayetibiwa: inashuka au inapanda? Hata hapo, ni vema atumie maabara ileile, kwa sababu vitendanishi (kemikali za kupimia) vya watengenezaji tofauti vinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ileile.