Maana ya "tiki" katika mashindano ya vikosi vya ngoma na buruji

Mtu aliyesoma shule Tanzania au Kenya anaijua tiki kuwa ni alama ya vema: mwalimu akiiweka kwenye daftari, jibu ni sahihi. Katika mashindano ya vikosi vya ngoma na buruji nchini Marekani, neno hilohilo lilikuwa na maana iliyo kinyume kabisa. Tiki ilikuwa kosa. Kila jaji alipoichora kwa penseli kwenye karatasi yake, kikosi kilipoteza sehemu moja ya kumi ya alama, na kwa miaka mingi ubingwa ulipatikana au kupotea kwa hesabu ya vijistari hivyo.

Kikosi cha aina hii ni bendi ya gwaride ya vijana isiyo na filimbi wala klarineti. Ina ngoma, ala za shaba za kupuliza na wachezesha bendera, nayo hupiga muziki huku ikitembea na kubadili maumbo juu ya uwanja wa mpira wa Kimarekani kwa zaidi ya dakika kumi. Mashindano yake yalikuzwa na vyama vya askari wastaafu, hasa American Legion na Veterans of Foreign Wars, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Msomaji wa pwani anayejua habari za beni, enzi za vyama vya ngoma vya Kingi na Scotchi kushindana Mombasa kwa sare na bendi za mtindo wa kijeshi, ataielewa hamu hiyo mara moja. Na kwa kuwa waandaaji walikuwa askari, uamuzi ulifuata mantiki ya ukaguzi wa gwaride, ambapo mtu huhesabiwa kuwa nadhifu mpaka kionekane kifungo kilicholegea. Kikosi kiliingia uwanjani kikiwa na alama zake zote za utekelezaji, kisha majaji wakaanza kuzipunguza.

Inafaa kuitazama kazi hiyo kwa karibu. Jaji wa ngoma alitembea uwanjani pamoja na wachezaji, akiwa na ubao mdogo wa kubania karatasi, sikio lake likiwa hatua chache tu kutoka kwenye safu ya ngoma ndogo. Wapigaji wanane au tisa wakishusha fimbo kwa pamoja, mlio unapaswa kuwa mmoja, mkavu, kana kwamba umepigwa na mkono mmoja. Fimbo moja ikichelewa hata kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, mlio hupasuka na kusikika kama miwili iliyogandana. Hiyo ni tiki. Jaji wa mwendo alifanya vivyo hivyo kwa macho: mguu uliokosea hatua ulikuwa tiki, bega lililotoka nje ya mstari lilikuwa tiki. Wachezaji walimwona akiandika huku wao wakiendelea kupiga, na hawakuwa na la kufanya.

Si alama zote zilizokatwa hivyo, kwani sehemu iliyohusu mvuto wa onyesho kwa jumla ilijengwa kutoka chini kwenda juu. Hata hivyo, uzito wa tiki ulitosha kuamua nini kitungwe na nini kiachwe. Kosa dogo ndani ya kipande kigumu mno liligharimu sawasawa na kosa ndani ya kipande ambacho mwanafunzi wa wiki mbili angekiweza, kwa hiyo mwalimu aliyetaka kushinda alikuwa na sababu ya kuyapunguza magumu. Kusimama kimya hakukuwa na tiki hata moja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kasoro kubwa ya mfumo ilipokuwa: ulipima usafi kwa uaminifu, lakini haukuwa na jicho la kuuona ujasiri.

Mwaka 1972 vikosi vyenyewe, vikitaka kujiamulia mambo yao, vilifanya ubingwa wa kwanza wa chama chao, Drum Corps International, mjini Whitewater, Wisconsin, ambako Anaheim Kingsmen wa California waliibuka mabingwa. Tiki haikuondoka siku hiyo. Iliendelea kutumika hadi msimu wa 1983, na kuanzia 1984 ikaachwa. Badala yake jaji huanza chini na kupandisha, akijiuliza mambo mawili kwa pamoja: wachezaji wamepewa kazi ya uzito gani, nao wameifanya kwa ubora gani. Katika mia nzima, mvuto wa jumla una alama 40, muziki 30 na mambo ya kuonekana 30. Penseli nayo imeachia nafasi kinasa sauti: jaji husema anachokisikia na kukiona wakati onyesho likiendelea, na walimu huisikiliza rekodi hiyo baadaye.

Wako wazee wa vikosi wanaoilalamikia hasara hiyo hadi leo, wakisema kuwa tiki iliwafundisha kusikilizana kwa namna ambayo maneno ya sifa hayawezi kufundisha. Siwezi kuwapuuza. Kijana aliyeambiwa kuwa safu yake ilipata tiki saba alijua ni saba, akarudi mazoezini kuzitafuta moja baada ya nyingine. Kijana anayepewa 18.6 katika 20 hana budi kumwamini jaji, kwa sababu hakuna kitu cha kuhesabu.

Mfumo mpya umeleta pia tofauti ndogo ambazo tiki isingeweza kuzitoa. Katika fainali ya mwaka 2008 mjini Bloomington, Indiana, Phantom Regiment walipata 98.125 na Blue Devils 98.100, pengo la 0.025, ambalo ni robo ya tiki moja. Hakuna penseli ya jaji wa zamani ambayo ingeweza kuchora robo ya kosa.