Je, wajua kwa nini sonata za Scarlatti zina herufi K?

Anayejifunza piano Mji Mkongwe, akipewa karatasi ya sonata, yaani kipande cha kinanda, ya mtunzi Mtaliano Domenico Scarlatti, atakuta juu ya noti alama kama K. 30 au K. 141. Rahisi kudhani mtunzi ndiye aliyeiandika. La. Scarlatti alifariki Madrid mwaka 1757, na K hiyo ilizaliwa mwaka 1953. Ni ya Ralph Kirkpatrick, Mmarekani aliyekuwa mpiga hapsikodi kwanza, mtafiti baadaye. Huko kutangulia kupiga kabla ya kutafiti ndiko jibu lenyewe.

Hapsikodi ni kinanda kilichotawala kabla ya piano. Piano hugonga nyuzi kwa nyundo. Hapsikodi huzidonoa kwa kijiti chenye ncha ya unyoya. Sikio la Unguja lililozoea kanuni, ala ya nyuzi ya taarabu, halitashtuka sana, maana kanuni nayo hudonolewa, ila mpigaji wake huvaa pete vidoleni. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye hapsikodi hata ukibonyeza kwa nguvu zako zote, sauti haikui.

Kirkpatrick alizaliwa mwaka 1911. Alisoma Harvard, akaenda Paris kwa mwalimu wa muziki Nadia Boulanger na kwa Wanda Landowska, mwanamke aliyekirudisha kinanda hicho jukwaani. Kuanzia mwaka 1940 alifundisha Yale, huku akiendelea kupiga maonyesho. Hapo ndipo Scarlatti alipomkalia kooni.

Scarlatti alizaliwa Naples mwaka 1685. Huko Lisbon alimfundisha muziki Maria Bárbara, binti wa mfalme wa Ureno. Binti alipoolewa Hispania mwaka 1729, mwalimu alifuatana naye, na wakakaa pamoja mpaka mwalimu alipokufa. Sonata zake zinafika 555 kwa hesabu ya Kirkpatrick. Kitabu alichokitoa mwenyewe, kilichochapwa London mwaka 1738, kina 30 tu. Nyingi katika zilizobaki zimo ndani ya juzuu zilizonakiliwa kwa mkono kwa ajili ya Maria Bárbara, aliyekuja kuwa malkia wa Hispania, ambazo sasa ziko Venice na Parma. Hakuna hata sonata moja iliyosalia kwa mwandiko wa mtunzi. Utapangaje kazi mia tano za mtu asiyeacha tarehe?

Mwanzoni mwa karne ya 20 Mtaliano Alessandro Longo alizichapa karibu zote, lakini akazifunga mafungu mafungu kwa jinsi alivyoona yeye. Kwa maoni yangu kazi yake ilikuwa kubwa na madhara yake pia, kwani alitenganisha vilivyokaa pamoja. Kirkpatrick alirudi kwenye juzuu za mkono na kuona kwamba sonata huandamana mbili mbili, zenye msingi mmoja wa sauti. Alihesabu zisizopungua 388 zilizokaa kwa jozi. Mtunza maktaba angeweza kuliona hilo, lakini mpigaji anazicheza zote mbili kwa mfululizo na kusikia moja ikimjibu mwenzake. Ndipo akatoa namba mpya, akifuata kadiri alivyoweza mpangilio wa nakala hizo.

Vidole vilimsaidia pia kwenye umbea mmoja wa kale. Sonata nyingi za mwanzo zinataka mikono ipishane, wa kushoto urukie juu ya wa kulia. Katika zile za mwisho jambo hilo karibu limekwisha. Ilisemwa kwamba Scarlatti alinenepa hata mikono ikashindwa kuvuka tumbo. Kirkpatrick alimtilia shaka msimuliaji na kumwelekezea kidole malkia, mpigaji aliyekuwa akizicheza. Kwa adabu tusiongeze.

Hakuishia kwenye makaratasi. Alipofika Madrid alifungua kitabu cha simu, akatafuta jina la Scarlatti, na akawapata wazao wa mtunzi.

Si kila alichosema kimesimama. Aliamini kwamba mpangilio wa nakala unakaribia mpangilio wa kutungwa, na kwamba nyingi zilitungwa uzeeni. Watafiti waliomfuata walipinga, wakisema tarehe ya kunakili si tarehe ya kutunga. Namba zake, hata hivyo, ndizo zinazotumika hadi leo.

Hoja hiyo ya wapinzani wake inatuhusu. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri inatupa mwaka wa kurekodi tu. Wimbo wenyewe huenda uliimbwa vibarazani zamani zaidi. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na nyimbo za kale zimepita mkono kwa mkono. Kwa wa kuzipanga haitoshi kujua kusoma madaftari. Awe amekaa kwenye kanuni au udi, anajua maqamu, yaani ngazi za sauti, na mkono wake unatambua ni kibwagizo gani kimeongezwa juzi na kipi kilikuwapo tangu mwanzo.