"Kiwango cha soko" si bei: malipo ya mkuu wa kodi katika kampuni za majengo hupangwaje

Kauli ya "tunamlipa kwa kiwango cha soko" imekuwa kama nyundo ya hakimu: ikishatamkwa, mjadala umefungwa. Nimeisikia mara nyingi mno, na hivi karibuni ikihusu mkuu wa kodi wa kampuni ya majengo, yaani msimamizi wa kodi za serikali zinazoihusu kampuni, kana kwamba mahali fulani pana ubao uliobandikwa bei ya mtu huyo. Hakuna ubao huo, na kwa kazi hii hasa, kauli hiyo inaficha mengi kuliko inavyoeleza.

Maana yake kwa ufupi ni hii: kiwango cha soko ni makadirio ya malipo ambayo kampuni zinazofanana huwapa watu wanaofanya kazi inayofanana, kwa mujibu wa data zilizokusanywa kufikia tarehe fulani. Hapo kuna maamuzi manne ambayo mtu fulani ameyafanya kabla ya namba kutokea. Ameamua kampuni zipi zinafanana, kazi gani inafanana, malipo yapi yahesabiwe, na tarehe ipi itumike. Ukibadilisha uamuzi mmoja tu, "soko" linahama.

Tuanze na mahali data zinakotoka, kwa sababu wengi hudhani zipo tu. Kwa viongozi wa juu kabisa kweli zipo hadharani. Nchini Marekani kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa kwa kawaida hutakiwa kuchapisha kila mwaka malipo ya mtendaji mkuu, mkuu wa fedha na watendaji wengine watatu wanaolipwa zaidi. Mkuu wa kodi ni nadra sana kuingia katika orodha hiyo. Hupitwa na mwanasheria mkuu, na wakuu wa uwekezaji na uendeshaji. Kwa hiyo malipo yake hayaonekani, na kampuni inayotaka kujua wenzake wanalipa nini hulazimika kutegemea tafiti za mishahara za kampuni za ushauri. Kila kampuni hupeleka takwimu zake, mshauri huzichanganya, huondoa majina na kurudisha jedwali.

Majina huondolewa kwa sababu nzito. Waajiri wanaogombania wafanyakazi walewale wakikaa kitako wakaambiana mishahara, inaweza kuhesabiwa kuwa njama ya kuizuia isipande. Nchini Marekani kulikuwa na mwongozo wa mwaka 1996, ulioandikwa kwa ajili ya sekta ya afya lakini ukazoeleka kila mahali: utafiti usimamiwe na mtu wa tatu, data ziwe na umri wa zaidi ya miezi 3, kila takwimu itokane na washiriki wasiopungua 5, na pasiwe na mshiriki mmoja mwenye uzito wa zaidi ya asilimia 25. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 2023, ingawa tafiti nyingi bado zina umbo lilelile.

Lisome tena sharti la washiriki 5. Maana yake ni kwamba mstari wa jedwali wenye kichwa "Mkuu wa kodi, kampuni za majengo" unaweza kuwa na watu 5 au 6. Mmoja wao akistaafu, nafasi yake ikachukuliwa na naibu wake kwa mshahara wa chini, "soko" limeshuka na hakuna mtu aliyepunguziwa hata senti. Mmoja akibakizwa kazini kwa nyongeza kubwa baada ya kutishia kuondoka, "soko" limepanda. Namba hiyo ni kumbukumbu ya mikataba michache ya watu wachache, na kumbukumbu yenyewe imeshapitwa na miezi kadhaa. Washauri huisogeza mbele kwa asilimia wanayokadiria wao ili ilingane na leo. Nayo ni kadirio juu ya kadirio.

Sasa tuje kwenye "kampuni zinazofanana", ambapo sekta ya majengo huumia zaidi. Tafiti nyingi za jumla hupanga kampuni kwa mapato ya mwaka. Kwa kiwanda au mtandao wa maduka hilo si baya. Lakini kampuni inayomiliki majengo ya dola bilioni 10 inaweza kuwa na mapato ya mwaka yasiyofika bilioni 1, kwa kuwa kinachoingia ni pango, na pango ni sehemu ndogo ya thamani ya jengo. Ukiipanga kwa mapato, utaiweka pamoja na kampuni za kiasi cha kati ambazo mkuu wao wa kodi hajawahi kushika muamala wa nusu bilioni. Mthamini anayekadiria bei ya jengo hatafuti kitu chochote chenye mita za mraba zilezile. Halinganishi ghala na hoteli. Kampuni za majengo zinaijua kanuni hiyo vizuri sana, ndiyo inayoziweka mjini. Inasikitisha kuona zinavyoiweka kando zikifika kwa watu wao wenyewe.

Halafu kuna "kazi inayofanana". Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndicho kiini cha jambo lote.

Kampuni nyingi kubwa za majengo zimejengwa kwa muundo wa REIT (kampuni ya uwekezaji katika majengo), ulioanzishwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1960 na kuigwa baadaye na nchi nyingine, Uingereza ikiwamo mwaka 2007. Kwa sheria ya Marekani, kampuni ikitimiza masharti haitozwi kodi ya mapato kwa faida inayoigawa kwa wanahisa. Masharti yenyewe ni mengi: igawe angalau asilimia 90 ya mapato yake yanayotozwa kodi, angalau asilimia 75 ya mapato ghafi yatokane na vyanzo vya majengo kama pango na riba za rehani, na kila mwisho wa robo mwaka angalau asilimia 75 ya thamani ya mali zake iwe katika majengo, fedha taslimu na dhamana za serikali. Ikipoteza hadhi hiyo, inarudi kutozwa kodi kama kampuni nyingine yoyote, na kwa kawaida hairuhusiwi kuiomba tena kwa miaka minne inayofuata.

Mtu wa nje akitazama hesabu za kampuni kama hiyo, anaona kodi ya mapato iko karibu na sifuri. Akifungua utafiti wa jumla, anakuta wakuu wa kodi wanaolipwa vizuri ni wale wa kampuni zinazolipa kodi kubwa katika nchi nyingi. Anahitimisha kwamba wa kwake hana kazi nyingi. Kumbe hiyo sifuri ndiyo kazi yenyewe.

Chukua mfano mmoja mdogo. Meneja wa jengo la makazi anaamua kuwafanyia wapangaji wema: wafanyakazi wa kampuni wasafishe ndani ya nyumba zao kwa ada ndogo. Usafi wa ngazi na kumbi hauna shida, ni huduma ya kawaida ya jengo. Usafi wa ndani ya nyumba ya mpangaji ni jambo jingine. Mapato ya huduma ya aina hiyo, ambayo sheria huyahesabu kuwa si chini ya asilimia 150 ya gharama ya kuitoa, yakizidi asilimia 1 ya mapato yote ya jengo hilo kwa mwaka, basi pango lote la jengo linaacha kuhesabiwa kuwa pango halali la REIT. Lote, si ile ada ya usafi peke yake. Njia halali ipo: huduma ipitie kwa mkandarasi wa nje asiye na uhusiano na kampuni, au kwa kampuni tanzu inayolipa kodi. Lakini lazima mtu ajue kabla ndoo ya kwanza haijabebwa, na mtu huyo ni mkuu wa kodi.

Ongeza hapo mauzo ya majengo. REIT ikiuza jengo ambalo sheria inaliona kama bidhaa ya biashara badala ya uwekezaji, faida ya mauzo hayo hutozwa kodi ya asilimia 100. Ongeza ubadilishanaji wa majengo unaoahirisha kodi, ambao una siku 45 za kutaja jengo mbadala na siku 180 za kukamilisha ununuzi. Ongeza ubia na wawekezaji wa nje ya nchi, kila mmoja na kodi yake ya zuio. Mkuu wa kodi katika kampuni hizi hukaa meza moja na wanaonunua na kuuza, kabla mkataba haujatiwa saini. Katika kampuni nyingine mtu mwenye cheo hichohicho anaweza kuwa anasimamia ritani (taarifa za kodi zinazopelekwa serikalini) na makadirio ya mwisho wa mwaka tu. Ndiyo maana washauri makini hulinganisha majukumu na kuacha cheo kando, na hawakubali ulinganisho kama sehemu kubwa ya majukumu haifanani.

Yupo pia mshindani ambaye jedwali halimwoni kabisa. Wakuu wa kodi wengi hutoka katika kampuni kubwa za uhasibu, na wanaweza kurudi huko kama wabia. Mbia halipwi mshahara kama mwajiriwa, anagawana faida. Hayumo kwenye tafiti za mishahara, lakini yumo kwenye hesabu za mtu unayetaka kumwajiri. Kampuni inayoshangaa kwa nini wagombea watatu mfululizo wamekataa ofa ya "kiwango cha soko" ingeanza kutafuta jibu hapo.

Kuhusu malipo yenyewe nitapita haraka. Yana sehemu tatu: mshahara wa msingi, bonasi ya mwaka inayopangwa kama asilimia ya mshahara, na tuzo za muda mrefu, kwa kawaida hisa zinazoiva, yaani kuwa zake kamili, kwa miaka mitatu au minne. Katika kampuni za majengo bonasi hufungamanishwa mara nyingi na FFO (fedha zitokanazo na uendeshaji), kipimo kilichowekwa mwaka 1991 na chama cha kampuni za REIT za Marekani, ambacho huirudisha gharama ya uchakavu wa majengo kwenye faida na kuondoa faida ya kuyauza. Baadhi hutoa hisa za ubia katika kampuni ya uendeshaji badala ya hisa za kawaida. Katika mifuko binafsi ya uwekezaji, mkuu wa kodi anaweza kupewa fungu la faida ya mfuko, ambalo huja baada ya miaka mingi au lisije kabisa. Mtu anayelinganisha mshahara wa msingi wa upande mmoja na jumla ya malipo ya upande mwingine hajalinganisha chochote.

Wapo wanaodhani mkuu wa kodi hulipwa asilimia ya kodi aliyoiokoa. Bodi makini huogopa mpango wa namna hiyo, na inafanya vizuri. Nchini Marekani mamlaka ya kodi kwa kawaida ina miaka 3 tangu ritani iwasilishwe kuihoji. Bonasi ingelipwa mwaka wa kwanza kwa uamuzi ambao ungepingwa mwaka wa tatu, fedha zikiwa zimeshatumika. Na katika REIT, kama tulivyoona, hakuna kiwango cha kodi cha kupunguza. Kuna hadhi ya kulindwa, na hadhi iliyolindwa haionyeshi namba yoyote mwisho wa mwaka.

Uamuzi wa malipo yake mara nyingi haufiki hata kwenye kamati ya malipo ya bodi. Kamati hushughulika na mtendaji mkuu na walio chini yake moja kwa moja. Mkuu wa kodi huripoti kwa mkuu wa fedha, ambaye hukaa na idara ya rasilimali watu na kumpanga katika ngazi, akitazama mhasibu mkuu analipwa ngapi na mkuu wa hazina analipwa ngapi. Kulinda uwiano wa ndani ni sababu halali. Ila iitwe hivyo, isivalishwe joho la soko.

Jambo la mwisho linahusu "wastani". Tuseme kampuni 7, kwa namba za mfano tu, zinalipa mishahara ya dola 240,000, 255,000, 260,000, 275,000, 290,000, 310,000 na 620,000. Wastani wa kugawanya ni kama dola 321,400, na sita kati ya hizo saba zinalipa chini yake. Namba ya katikati ni 275,000, yaani zipo tatu juu yake na tatu chini yake. Washauri wa malipo wanaposema "katikati ya soko" humaanisha hiyo ya pili. Magazeti na mikutano ya wafanyakazi huitaja kama wastani, na hapo tofauti ya dola 46,000 inapotea bila mtu kuiona. Halafu kumbuka kwamba hata kulenga katikati ni chaguo. Kampuni inaweza kulenga robo ya juu, yaani kulipa kama zile zinazolipa zaidi, kwa sababu kazi yake ni ngumu zaidi, au kulenga chini ya katikati kwenye mshahara na kufidia kwa hisa.

Kwa hiyo anayetaka kulitumia neno hili kwa haki angesema hivi: "Tumemlinganisha na wakuu wa kodi wa kampuni 12 za majengo zenye mali ya kiasi kama chetu, kwa data za mwaka jana, tukaamua kumlipa mshahara wa namba ya katikati na hisa za robo ya juu, kwa sababu anashiriki katika kila ununuzi." Ni maneno mengi kuliko "kiwango cha soko", lakini mwenye kuyasikia anajua wapi pa kuuliza swali.