Kurekebisha upimaji darasani: nini kinabadilika na nini kinabaki

Mwanafunzi mwenye uoni hafifu amepewa jaribio la hesabu lililochapwa kwa herufi ndogo, akapata alama 30 kwa 100. Huenda hajui kugawanya. Huenda pia anajua, ila kila 8 aliiona kama 3. Mwalimu akiitazama hiyo 30 hawezi kutofautisha, na kwa hiyo hajui amfundishe nini kesho.

Kurekebisha upimaji ni kubadilisha namna mwanafunzi anavyolipata swali au anavyolitoa jibu, ili kikwazo kisichohusu somo kisiingie kwenye alama. Kinachopimwa hakiguswi. Mifano inajulikana: maandishi makubwa (mara nyingi pointi 18 badala ya 12), nukta nundu, mkalimani wa lugha ya alama, msomaji wa maswali, mwandishi anayeandika yale mwanafunzi anayotamka, chumba tulivu, muda wa ziada. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama kutoa marekebisho yanayofaa katika elimu, kwa kadiri ya mahitaji ya kila mtu.

Ugumu uko kwenye kuamua lipi linaruhusiwa wapi, maana hakuna orodha inayofaa kila jaribio. Inabidi kujiuliza kwanza: hapa napima nini? Kumsomea mwanafunzi swali la hesabu ni sawa, kwa kuwa kusoma si jambo linalopimwa. Kumsomea kifungu katika zoezi la kusoma kwa ufahamu ni jambo jingine kabisa. Sasa unapima kusikiliza. Kikokotoo hakiharibu kitu kwenye swali la eneo la duara ikiwa unataka kuona kama anaijua kanuni, lakini kinalifuta jaribio la jedwali la kuzidisha. Mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kutahajia maneno) akiandika insha ya historia, tahajia isimpunguzie alama. Kwenye imla, tahajia ndiyo jaribio lenyewe.

Walimu wenye huruma hukosea hasa hapa. Wanamtungia mtoto maswali mepesi, kisha wanaandika alama yake safu moja na za wenzake. Kumwekea mwanafunzi malengo tofauti si kosa, na kwa wenye ulemavu wa akili mara nyingi ndiyo njia sahihi. Ila hayo ni mabadiliko ya kiwango, si marekebisho, na ripoti iseme hivyo waziwazi ili mzazi asidanganyike.

Wapo wanaoona muda wa ziada ni upendeleo. Anayesoma nukta nundu kwa vidole kwa kawaida huenda polepole kuliko anayesoma kwa macho, hivyo saa moja ya huyu si saa moja ya yule. Hata hivyo malalamiko hayo yana chembe ya ukweli: jaribio likibanwa sana, kila mtu angefaidika na dakika za nyongeza. Kwa maoni yangu dawa yake ni kulilegeza jaribio kwa darasa zima, isipokuwa pale ambapo kasi yenyewe inapimwa.

Dhana ya marekebisho pia huchanganywa na ile imani kwamba kuna wanafunzi “wa kuona” na “wa kusikia”, kila mmoja apimwe kwa mtindo wake. Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipoupitia utafiti wa jambo hilo mwaka 2008, hawakukuta ushahidi wa kutosha wa kuiunga mkono. Marekebisho hufuata kikwazo kinachojulikana, si mtindo wa kukisia.

Tena upimaji si karatasi tu. Maswali ya mdomo katikati ya kipindi nayo ni upimaji. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi, alikuta walimu wakisubiri jibu kwa takriban sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalikuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi walijibu. Anayejifunza kwa lugha ngeni, au mwenye kigugumizi, anazihitaji sekunde hizo kuliko wote.

Marekebisho yoyote yaanze kutumika kwenye mazoezi ya kila siku. Mwanafunzi ambaye hajawahi kumtamkia mtu majibu yake, akiletewa mwandishi asubuhi ya mtihani, atakuwa na kazi mbili: kujibu swali, na kujifunza kutamka sentensi nzima huku mtu mwingine ameshika kalamu.