Kuagiza mchele sio lazima maana yake hakuna uhakika wa chakula

Kila yakizungumzwa mambo ya visiwa vidogo na mabadiliko ya tabianchi, hakosi mtu wa kusema "wale hawana uhakika wa chakula, si unaona mchele wote wanaagiza nje", na wenzake wanaitikia kama vile mjadala umeisha. Haujaisha, maana hapo zimechanganywa habari mbili tofauti, na kwa kisiwa kuchanganya huko kunaweza kuzaa mpango mbovu kabisa.

Uhakika wa chakula ni pale watu wote, wakati wote, wanapoweza kupata chakula cha kutosha, salama na chenye lishe. Yaani kipo, kinafikika na kinanunulika, mwili unakitumia vizuri, na hali hiyo haikatiki mwezi huu ikarudi mwezi ujao. Basi. Kujitosheleza kwa chakula ni nchi kulima na kuvua yenyewe kile inachokula. Unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine, na inatokea sana tu.

Chanzo cha mkanganyiko ni cha zamani. Mkutano wa chakula wa dunia uliofanyika Roma mwaka 1974 ulikuja wakati bei za nafaka na mafuta zimepaa vibaya, kwa hiyo maana ya uhakika wa chakula waliyoiweka ilielemea kwenye nafaka iliyopo duniani na bei isiyoyumba, hesabu ya ghala. Halafu 1981 mchumi Amartya Sen wa India akaichambua njaa ya Bengal ya 1943, ile iliyoua mamilioni, akasema chakula hakikupungua kiasi cha kueleza vifo vyote vile, ila bei zilipanda na vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wa vijijini kipato chao kikawa hakinunui tena mchele ambao ulikuwepo. Hapo ndo swali likageuka kutoka "kipo kiasi gani" likawa "nani anaweza kukipata". Waliporudi Roma 1996 maana iliyopitishwa ikaanza na watu na uwezo wao, ndo hiyo tunayoitumia mpaka leo. Kwa hiyo mtu anayepima uhakika wa chakula kwa tani zilizoagizwa peke yake bado yuko kwenye hesabu ya 1974.

Sasa leta visiwani. Singapore imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi za visiwa vidogo zinazoendelea, na zaidi ya asilimia 90 ya chakula chake kinatoka nje, ila watu wanakula kwa sababu wana hela, wana bandari, na wananunua kutoka nchi nyingi sana ili mmoja akifunga mlango wengine wawepo. Ukienda upande wa pili kuna Dominica kule Karibea, ardhi yake ina rutuba, inalima ndizi, magimbi, viazi vikuu. Usiku wa tarehe 18 Septemba 2017 kimbunga Maria kikapita juu yake na hasara ilikadiriwa kufikia asilimia 226 ya pato la taifa la mwaka mzima. Migomba ililala yote. Chakula cha wiki zilizofuata kililetwa na meli, na kati ya pesa za mwanzo kabisa kuingia serikalini zilikuwa za bima ya majanga ya nchi za Karibea, zaidi ya dola milioni 19 ndani ya wiki mbili. Kisiwa kidogo kimbunga kimoja kinakifunika chote, hakuna mkoa mwingine wa kuwasaidia walioathirika, na hapo ndipo wazo la "tulime kila kitu hapahapa" linapogeuka hatari.

Kwa jirani zetu wa Komoro mambo ni magumu zaidi ya hayo. Mchele ndo chakula chao kikuu na karibu wote unatoka nje. Kimbunga Kenneth kilipopita kaskazini mwa Ngazidja, kisiwa chao kikubwa, tarehe 24 Aprili 2019 kiliharibu migomba, minazi na mashamba mengine, kwa hiyo ile sehemu waliyokuwa wanajitosheleza ndo iliyoumia, halafu mchele wa meli ukazidi kutegemewa. Mchele huo unanunuliwa kwa pesa za vanila, karafuu na ilangilangi (maua ya manukato), na kwa pesa wanazotuma ndugu walioko Ufaransa. Ukitaka kujua uhakika wa chakula wa familia ya Ngazidja, uliza pia bei ya karafuu mwaka huu na kama mjomba wa Marseille bado ana kazi. Uliza na maji, maana Ngazidja haina mito ya kudumu, mvua inapotelea kwenye mawe ya volkano, watu wanaishi kwa matangi, na volkano yao ya Karthala ilipolipuka 2005 majivu yaliingia kwenye matangi hayo. Mtu anayeugua tumbo kwa maji machafu hata umpe wali kila siku bado hajafika kwenye maana ile ya 1996. Hayo yote hayaonekani kwenye asilimia ya mchele ulioagizwa!

Sisemi wasilime, jamani. Walime sana, ila shamba la kisiwani lipangwe kwa kazi linayoiweza. Vanuatu, visiwa vya Pasifiki, wana viazi vikuu na magimbi yanayobaki ardhini upepo ukipita, na wana utaratibu wa mababu wa kuchachusha mashelisheli na kuyafukia kwenye mashimo yaliyotandikwa majani, chakula cha miezi ya shida. Huo ndo ustahimilivu wenyewe, chakula cha kukuvusha mpaka meli ifike. Linganisha na Grenada, kisiwa kingine cha Karibea, ambako kimbunga Ivan cha 2004 kiling'oa mikungumanga, mti unaochukua miaka mingi kuanza kuzaa, wakulima wakakosa kipato miaka yote hiyo, na asiye na kipato hana uhakika wa chakula hata kama duka limejaa.

Nchi za CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibea, nazo zilijiwekea lengo la kupunguza gharama ya chakula cha nje kwa asilimia 25 ifikapo 2025, baadaye wakalisogeza hadi 2030. Ni lengo zuri, linaokoa fedha za kigeni, ila ni lengo la kujitosheleza na liitwe hivyo. Likifikiwa kwa kuwatoza watu kodi kubwa kwenye mchele na kuku wa nje kabla mashamba hayajawa tayari, gharama ya kuagiza itashuka na maskini atakula kidogo zaidi.

Kwa hiyo ukisikia tena "wanaagiza asilimia kadhaa, hawana uhakika wa chakula", muulize msemaji taratibu tu: meli ikichelewa wiki tatu, kule Mwali, kisiwa kidogo cha Komoro, ambako mizigo mingi inapitia kwanza visiwa vingine, kilo ya mchele itafika bei gani na ni nani ataacha kununua?