Kompyuta Inayokaa Bure Inaweza Kusaidia Utafiti

Mvua ya Dodoma ina ubaguzi: Kikuyu inamwagika, Nkuhungu vumbi linatimka. Modeli nyingi za hali ya hewa, yaani programu za kompyuta zinazoikokotoa, hupima maeneo mapana, kwa hiyo wingu dogo namna hiyo huziponyoka. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kilianza kukokotoa mvua za Afrika kwa vipande vya kilomita moja. Hesabu zilikuwa nyingi mno, zikagawanywa kwa kompyuta za watu wa kujitolea kupitia World Community Grid.

Programu inayofanya kazi hiyo ni BOINC, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni ya bure. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, chagua mradi, jisajili kwa barua pepe. Anayekudai ada ya kujiunga ni tapeli.

Kabla ya kupokea kazi, yaani vipande vya hesabu, fungua mipangilio ya programu. Ruhusu nusu tu ya kori (sehemu zinazokokotoa) za prosesa, ubongo wa kompyuta, na uiamuru isimame wewe unapotumia mashine. Kisha piga hesabu ya LUKU. Tuseme kompyuta ya mezani inavuta wati 80: kwa saa 10 inakula uniti 0.8, kwa siku 30 uniti 24. Kwa aliye kwenye tarifu ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, karibu theluthi imeshakwenda. Sisi tungemshauri asubiri. Ofisi ambayo mashine zake zinawaka kutwa ina nafasi nzuri zaidi, mradi mwenye mashine ameridhia.

Kiangazi, adui ni vumbi. Hujishika kwenye mapezi ya chuma yaliyo mbele ya feni likawa kama blanketi. Prosesa inachemka, inajipunguzia kasi, na kazi ya saa sita inachukua kumi. Zima mashine, chomoa waya, shikilia feni isizunguke, ndipo upulize kwa blowa. Kompyuta mpakato usiiweke kitandani.

Umeme ukikatika, kazi huendelea kutoka ilipohifadhiwa mara ya mwisho, si ilipokatikia. Kila kazi ina siku yake ya mwisho. Ukichelewa, seva, yaani kompyuta kuu ya mradi, humpa mtu mwingine kazi hiyo na umeme wako umepotea. Ukisafiri kwa wiki mbili, siku chache kabla sitisha upokeaji wa kazi mpya, uache zilizopo ziishe na zitumwe.